Ua la Zambarau Kidimbwini kwa Mama

Kisiwani, Novemba 1997

Mama yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Goti lako limeamkaje na mvua hii isiyotaka kukatika? Na ule mzigo wa kuni, umekubali kumwachia Hamisi sasa, au bado unasema hajui kuufunga? Sisi huku tu wazima. Swabra anaota meno na kuuma kila kitu, na baba yake bado ana grisi mpaka masikioni kwa kutengeneza injini za mashua za watu. Mimi nakaanga mandazi pale gatini, ingawa wateja wamepungua, na sababu yake nitakueleza.

Hamisi ndugu yangu, msomee Mama polepole, usiruke mistari kama ulivyozoea.

Barua yenu niliisoma nikalia, nikacheka, nikalia tena. Mlisema mlinitazamia kwenye nikaha ya mdogo wangu Mwanaisha mpaka pilau ikapoa. Hamisi akaandika na maneno yako kama ulivyoyatamka: "Mwambie Zaituni ziwa limemmeza. Hata kumpaka mdogo wake hina hakuja." Mama, hilo limenichoma. Sikuwasahau. Nilivaa, nikaondoka, ila sikufika.

Huku tuna mmea unaitwa gugumaji. Haushiki udongo, unaelea tu. Shina lake limevimba kama kitunguu, ndani ni hewa tupu, na mizizi inaning'inia majini kama ndevu nyeusi. Mmoja unatoa kamba pembeni, kwenye kamba unazaa mtoto, na kabla hujamaliza kumshangaa mtoto huyo naye ana wake. Inashikana mpaka ukitazama ziwa unadhani ni shamba la mtu. Upepo ukivuma inahamia ng'ambo, ukigeuka inarudi kutufungia.

Siku ile nilikuwa na Swabra mgongoni na leso za Mwanaisha kwenye mfuko wa nailoni. Tulipong'oa nanga maji yalikuwa wazi kabisa. Katikati ya safari upepo ukaleta gugu, likatuzunguka pande zote na kujisokota kwenye panga la injini, injini ikakohoa na kuzima. Wanaume walisukuma kwa pondo mpaka viganja vikachubuka. Mwenye mashua, mzee mpole sana, akaniambia, "Mama Swabra, leo harusi itakula bila wewe. Hii majani haina haraka." Nilikuwa nayaona magari ng'ambo yakipakia watu. Tulikaa pale jua lote, mbu wakitutafuna mchana kweupe, mpaka upepo ulipogeuka ukatusukuma pamoja na gugu lenyewe kuturudisha kisiwani. Nilishuka na leso zangu zikiwa kavu. Nikalia jikoni, na baba Swabra akajifanya anatafuta spana.

Na si safari tu. Chini ya gugu ni giza, maji hayapati hewa, na samaki wetu ngege wamehama. Anayepatikana ni kamongo, kwa kuwa yeye hupanda juu kuvuta pumzi, basi tunakula kamongo tutake tusitake. Juzi watu wa serikali walileta wadudu wadogo kwenye debe, wanasema hao ndio watakaolitafuna gugu. Vijana wa gatini waliwacheka. Mimi sikucheka, niliwaombea wale wadudu wawe na njaa.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike upesi. Hamisi amenieleza kwamba mkwe wetu Athumani, siku ya posa, alikuletea zawadi kwenye beseni la buluu: mche wenye ua la zambarau lenye doa la manjano, alioununua mjini kando ya ziwa. Ukauweka kwenye kidimbwi cha samaki, na sasa umefunika nusu yake, na wewe unafurahi samaki wamepata kivuli. Tena umeniwekea mche mmoja kwenye sufuria kuukuu, nije niuchukue.

Mama, ndilo hilo. Ua lako ndilo lililonizuia kuja.

Najua ugumu wako. Kwetu zawadi ya mkwe haitupwi, na kwa heshima ya ukwe wewe na Athumani hamwezi hata kukaa meza moja ukamweleza. Kila akija atatupa jicho kidimbwini. Lakini yeye hana kosa. Huko mjini wanaliuza kwa uzuri wake, na mimi mwenyewe nilipoliona mara ya kwanza nilitaka kulipamba mezani. Nimeshamwandikia Mwanaisha, yeye atamweleza mumewe. Wewe lihifadhi beseni, maana nalo ni zawadi. Panda dhania ndani yake uliweke mlangoni, akija aone limetunzwa.

Hamisi aingie kidimbwini ang'oe gugu lote na mizizi yake. Asitupe hata jani kwenye kijito. Apeleke juu, kwenye ile ardhi kavu nyuma ya miwa, alianike mpaka livunjike mkononi, kisha alichome. Kipande kinachobaki majini kinaota tena, na mbegu zake hulala kwenye tope miaka na miaka, kwa hiyo muwe mnaangalia kila mara. Tafadhali msingoje. Kwa mvua hii kidimbwi kitafurika, na kijito chetu kinaingia mto Nzoia, na Nzoia inamwaga maji yake hapa ziwani. Likitoka kwako, Mama, litakuja moja kwa moja kunifungia njia ya kurudi kwako.

Nisalimie Baba Mdogo anayeadhini msikitini, kifua chake kipone. Nisalimie Shangazi msusi wa mikeka, na mama jirani anayetukamulia ng'ombe. Mwambie Mwanaisha leso zake zipo, sijazifungua. Mungu akipenda, kwa Idd nitakuja kuzileta mwenyewe, nikae nawe jikoni mpaka unichoke.

Ule mche kwenye sufuria uchome pamoja na mingine. Mimi niwekee kuku, ile ingokho yako.

Ni mimi binti yako, ambaye ziwa halijammeza,

Zaituni (Mama Swabra)