Siku Felisita alipokwenda mstari wa pili

Kimironko, Jumapili, Desemba 1994. Mvua imekatika sasa hivi.

Kosa la wanaume wengi wa rika langu ni kudhani kwamba nyumba moja ina kura moja, na kura hiyo ni ya baba. Mimi sikupaswa kulifanya. Nimefundisha uraia kule Karagwe tangu nikiwa kijana. Niliwaeleza watoto wa watu: kila mtu na kichwa chake, kila mtu na kura yake. Siku ya uchaguzi nilipanga madawati ya darasa langu, nikaweka sanduku mahali pake, kisha nikatoka nje, kwa sababu nilikuwa mkimbizi.

Leo nimepiga kura kwa mara ya kwanza maishani, mzee wa mvi, katika nchi yangu, Rwanda.

Na leo mke wangu, Felisita, amepiga kura ya kututoa ndani ya nyumba.

Nieleze taratibu. Tulikuwa tunachagua nyumbakumi, mtu wa kuzisimamia nyumba kumi za hapa kwetu: nani anakaa, nani amekuja, nani amegombana na nani. Wiki iliyopita tulikwenda kujiandikisha. Aliyekuwa mezani aliniuliza jina na mahali nilipozaliwa, akaandika, na neno mkimbizi hakuliandika popote. Nilibaki nimesimama pale hadi Felisita akanivuta koti. "Mwalimu, wenzako wanangoja."

Nilitegemea karatasi na sanduku. Hakuna. Wagombea wawili wanasimama uwanjani wakitazama mbele, na wewe unakwenda kupanga mstari nyuma ya unayemtaka. Hakuna siri. Kura ni mwili wako mwenyewe, na majirani wote wanauona.

Kulia alisimama Kalisti, tuliyerudi naye kutoka Karagwe kwenye lori moja. Ahadi yake ilikuwa fupi: anayekaa ndani ya nyumba ndiye atakayeandikwa mwenye nyumba. Kushoto alisimama Verediyana, mjane ambaye hakuwahi kuondoka hapa, aliyebaki peke yake kwao baada ya mauaji ya mwaka huu. Yeye alisema hivi tu: "Hizi nyumba iko na wenyewe. Wengine walikufa, wengine iko hai. Mimi nawajua."

Niseme wazi, maana shajara si mahali pa kujificha. Nyumba tunayokaa hatukuijenga wala hatukuinunua. Tuliikuta tupu, mlango umevunjwa, tukaingia. Wengi wetu tuliotoka nje tuko hivyo. Kalisti akishinda, tunabaki. Nilikuwa nimemwahidi: "Mimi na Felisita tuko nyuma yako."

Nikapanga mstari wake, mbele kabisa. Nyuma yangu watu wakajaa. Kwa Verediyana walikuwa wachache, wengi wajane wenzake. Nikageuka kumtazama Felisita, nikiwa na uhakika yuko mgongoni kwangu.

Hayupo.

Alikuwa anavuka uwanja, mkoba kwapani, polepole kama anayekwenda kupokea komunyo. Akasimama nyuma ya wale wajane.

"Mwalimu! Darasa limehama!" alipiga kelele fundi cherehani mmoja aliyerudi kutoka Kampala.

"Leo mzee atajipikia!" mwingine akadakia, na uwanja mzima ukacheka.

Kalisti hakuruhusiwa kugeuka. Lakini niliyaona masikio yake yakicheza, na nilijua amesikia.

Kalisti ameshinda, na kwa mbali sana. Tulirudi nyumbani. Nilipofika mlangoni sikuweza tena kujizuia.

"Felisita, mbona umeniaibisha mbele za watu?"

"Nimekuaibisha kwa lipi? Si wewe ulisema kila mtu na kichwa chake?"

"Lakini nyumba! Tungelala wapi?"

Alikaa kwanza, akavua kandambili. "Sijui, Mwalimu. Ila mama yangu aliikimbia nyumba yake huku, na mpaka anakufa alimwuliza kila aliyetoka Rwanda swali moja: ni nani analala kwangu? Hakuna aliyemjibu. Na huyo aliyekuwa analala kwake, huenda alikuwa mtu mwema kama wewe."

Kisha akaenda kuchambua maharage.

Mimi niko hapa mezani tangu saa hiyo. Sikujua. Nimeishi na mwanamke huyu maisha yote, na swali la mama yake sikuwahi kulisikia. Au nililisikia nikadhani ni maneno ya wazee.

Kalisti amepita muda si mrefu, hana kinyongo, anachekacheka. Kesho asubuhi, anasema, ataniandika mimi kuwa mwenye nyumba. Nikishaandikwa, sitauliza tena. Najijua. Nitaanza kupaka chokaa, nitapanda ndizi uani, na nitakuwa na maelezo mazuri ya kila kitu.

Basi, Mwalimu, vaa viatu. Nenda kwa Verediyana leo hii, umwulize nyumba hii ni ya nani.