Mchumba wangu anataka farasi wake wang'ae kama sufuria mpya

Mushauri Béata, mi naomba musaada yako, na usinicheke kwanza. Naitwa Belise, nakaa Nengo, kazi yangu ni kupaka rangi sanamu, na muchumba wangu Cedric, wa Goma, ngambo ingine ya mupaka, alinipatia sanduku ya askari yake ya plastiki, wadogo kama kidole, wapanda farasi wa zamani wenye kuvaa deraya, ile nguo ya vita ya magamba ya chuma, mutu na farasi wote wamefunikwa, anataka kuwaonesha kwa mashindano ya klabu yao, donc nikafanya kazi na roho yote, nikaanza na nyeusi, nikaweka juu yake chuma ya giza, kisha argent, ile rangi ya feza, kidogo kwa ncha za magamba tu, na kofia za wakubwa nikaziweka shaba yenye kuelekea kahawia, juu mi najua chuma, panga ya baba yangu inang'aaka kwa makali, kwengine hapana.

Bon, dimanche nikamupelekea kwao, ndugu yake Onésphore iko, marafiki iko, Cedric akafungua sanduku: «Belise, hii ni nini? Askari ya mufalme inafanana na sufuria ya makala!» Wote wakacheka, Onésphore akapiga hata makofi. Nikamujibu, «Chuma haiko kioo, Cedric.» Akasema, «Rudilia zote na argent, ama nampatia Jado wa klabu yetu apake.» Nikafunga sanduku, nikavuka barrière ya mupaka, sikulia mbele yao. Sasa gusaba yetu, siku familia yake itakuja kuniomba kwa wazazi, imekaribia, na Cedric haiko mutu mubaya, mama yangu alipougua alivuka kila asubuhi kumuletea supu. Mama anasema, «Paka argent, mwana, rangi haivunje ndoa.» Mi najua niko na haki. Nikipaka, naona nitapaka maisha yote. Nifanye nini?

Belise, Nengo

*

Belise mwanangu, kuhusu chuma uko sahihi, na unajua hivyo, kwa hiyo sitapoteza wino kukusifu. Chuma cha vita huwa cheusi kwenye mikunjo na cheupe pale kinaposuguliwa. Umeona vizuri.

Lakini hao farasi ni wa nani? Ulimuonesha hata mmoja kabla ya kumaliza sanduku zima? Hukumuonesha. Ulitaka kumshangaza, naye akashangaa. Na nina wasiwasi kwamba giza umelizidisha. Mtu aliyetegemea deraya kubaki hai hakuiacha ichakae. Aliipaka mafuta, akaisugua kwa mchanga. Kifuani na kwenye magoti ya mpanda farasi ongeza mwanga. Chini ya kwapa na tumboni kwa farasi paache palivyo. Shaba ya kofia ya mkubwa iwe na wekundu wa joto, kahawia ibaki kwenye maungio.

Mfanye mmoja tu hivyo. Mwite Cedric kwenu, peke yake, bila Onésphore na makofi yake. Mpe huyo farasi mkononi, mpeleke mlangoni kwenye mwanga wa jua, kisha unyamaze. Usimhubirie. Akisema bado anataka argent, mrudishie sanduku lake kwa upole, apake mwenyewe au ampe Jado. Wewe usipake hata tone. Jina lako lisikae juu ya kazi usiyoiamini.

Mama yako amesema kweli, rangi haivunji ndoa. Ila wewe hukuondoka pale kwa sababu ya rangi. Ulichekwa, na aliyeanzisha kicheko ni mtu anayetaka kukuoa. Basi mwambie hivi, kwa maneno haya haya: «Ulinidharau mbele ya ndugu yako na rafiki zako. Niombe msamaha mbele yao.» Aliyevuka mpaka kila asubuhi na supu ya mgonjwa anaweza kutamka sentensi moja sebuleni kwao.

Akizikataa rangi zako, mwachie farasi wake na muendelee kupendana. Akikataa kuomba msamaha, waambie wazazi gusaba isubiri.

Shangazi Béata