Ngitili ya Mama Si Pori

Nkololo,
S.L.P. 40,
Bariadi.
3 Desemba 1995

Mpendwa mdogo wangu Novatus,

Mwadila. Shikamoo yako naipokea hata kabla hujaiandika, maana safari hii sina subira ya kuingojea. Natumaini wewe, wifi yangu Faraja na watoto mnaendelea vizuri huko Tanga, na kwamba kifua cha Joyness kimepona. Sisi huku ni wazima. Kaka yetu Nkwabi ni mzima na ng'ombe wake ni wazima. Mama naye yupo, ila magoti yanamsumbua tangu mvua zianze, anatembea kwa fimbo na kwa ubishi.

Salamu zimekwisha. Sasa kaa chini usome polepole.

Nimekasirika, Novatus. Nimekasirika tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, na kabla ya karatasi hii nimechana nyingine mbili, kwa sababu maneno yaliyokuwemo hayaandikiwi mtu mliyenyonya naye ziwa moja.

Jumatatu hiyo nilimpeleka mama kwenye ngitili, lile eneo letu la malisho ya akiba. Unakumbuka kila mwaka mvua za kwanza zikishalowesha ardhi lazima azunguke kile kinjia cha mpakani mara moja, aone majani yanavyoota na kama kuna mtu ameingiza mifugo kabla ya wakati. Zamani alikuwa anatangulia yeye, sisi tunamfuata, wewe ukiwa mgongoni. Mwaka huu nilitangulia mimi, yeye kashika bega langu. Nilimwambia atume watu. Akasema watu wataona majani tu.

Na kweli, huyu mama haendi kwa ajili ya majani peke yake. Anajua kila ua linapotoka. Pale kwenye kichuguu yalikuwa yameshatoka yale mekundu ya mviringo, yanayochomoza ardhini bila jani hata moja. Kwenye bonde yapo yale meupe yenye mistari ya rangi ya zambarau, yananukia hata kabla hujayafikia. Yale yanayopanda juu ya vichaka, yenye ncha za njano, alinikataza nisiyaguse, kama vile bado nina miaka sita. Tulitembea asubuhi nzima mwendo ambao Nkwabi angeumaliza kabla chai haijapoa.

Karibu na mawe makubwa tulikuta ua dogo la bluu, dogo kuliko kifungo cha shati. Mama alichuchumaa na magoti yale yale anayolalamikia. "Hili silijui, mayu," akaniambia. Ana miaka zaidi ya sabini, njia ile ameizunguka tangu aolewe, na bado kuna ua hajaliona. Alicheka peke yake. Nilitaka kulichuma, akanizuia, akasema tutalikuta mwakani.

Tulipozunguka mawe tukakuta ardhi imelimwa. Udongo umepinduliwa kuanzia kwenye mawe mpaka karibu na mti wa mkorosongo, majani yote chini, na vile vitunguu vya maua vimekatwakatwa na majembe ya trekta, vyeupe ndani, vimetapakaa. Trekta lenyewe limesimama na dereva anakula muhogo kivulini. Mama alikaa chini kwenye ule udongo.

Dereva alinielekeza kwa Hamimu, yule mwenye duka la vitambaa Bariadi mjini, ambaye msimu huu naye ameingia kwenye pamba kwa kuwa sasa kununua pamba ni ruksa kwa kila mwenye mzani. Kesho yake nilikwenda nikiwa nimejiandaa kugombana. Yule baba wa watu akanipa kiti, akaniagizia soda, akafungua droo na kutoa karatasi. Mwandiko wako. Nilikufundisha mimi kuandika ile N yenye mkia, kwa hiyo usithubutu kuniambia umeghushiwa.

Umeandika kwamba eneo la familia ni pori, halitumiki, na kwamba umeliona kwa macho yako mwenyewe likiwa limekaa bure, basi alime misimu miwili, kodi apewe mama.

Umeliona lini? Umeliona Krismasi. Kila mwaka unakuja Krismasi, unakaa siku nne, unakula kondoo, unaondoka. Krismasi ngitili haina hata mbuzi, ndiyo maana ya ngitili. Inafungwa mvua zikianza ili majani yapumzike, na inafunguliwa kiangazi, wakati kila mahali pengine pamebaki vumbi. Njoo mwezi wa nane uone kama limekaa bure. Mgeni kutoka mjini angekosea hivyo, nami nisingemlaumu. Wewe umechunga humo ndani. Umechapwa na marehemu baba kwa kuingiza ndama humo mwezi wa pili, na mimi ndiye niliyekukanda mgongo. Leo unaita pori.

Na kwa kuwa umesahau mengi, nikukumbushe hili pia. Wale ng'ombe waliokwenda Lalago kwa kina Faraja, kiangazi kile kibaya, walitoka wapi wakiwa na mafuta mgongoni? Wakwe zako walishangaa. Wenzetu walikuwa wanachuna ngozi kila siku, sisi tunapeleka mahari.

Usinijibu kwamba napinga maendeleo. Nkwabi analima pamba na mimi nalima pamba, na tunafurahi wanunuzi wamekuwa wengi. Najua pia hukufanya kwa ubaya. Ulitaka mama apate faida, ukaona utamfurahisha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba ulimwamulia mama jambo lake bila kumuuliza, ukiwa umekaa Tanga.

Hamimu hana kosa. Nilipomweleza ngitili ni ya mama alishtuka, na siku hiyo hiyo akalisimamisha trekta. Ila aliniambia wazi, "Mama, mimi karatasi ya ndugu yako ninayo, na mbegu nimeshachukua. Akiniandikia ya kuifuta, naichana mbele yako. Nitangoja mpaka tarehe ishirini. Baada ya hapo nalima, maana msimu haunisubiri." Amesema kiungwana. Kwa hiyo ngitili nzima sasa iko mikononi mwako, na una siku kumi na saba, ukitoa zile ambazo barua hii itakuwa njiani.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nichane karatasi mbili za kwanza.

Pale chini mama aliniuliza, "Nani kalima hapa?" Wakati ule nilikuwa sijui, nikasema ni mgeni, amekosea mpaka. Niliporudi kutoka kwa Hamimu nilikuwa najua, akaniuliza tena, nikarudia maneno yale yale. Nimemdanganya mama yangu mzazi kwa ajili yako. Yeye alikuwa ameokota donge la ule udongo, akalifunga kwenye ncha ya khanga, na liko chini ya mto wake mpaka leo. Anataka jina. Unajua akina mama wa umri wake wanalitaka jina ili wamlaani mwenye nalo. Nimemkumbusha kanisa, akaniambia kanisa analijua kuliko mimi, nimletee jina.

Sitamdanganya tena. Nilipoweza kuvumilia nimevumilia, na hasira zangu zimebaki kwangu na kwenye karatasi hii. Mwandikie Hamimu leo, usingoje kesho. Kisha upande basi uje, kabla ya tarehe ishirini, umwambie mwenyewe kwa mdomo wako.

Maana kila asubuhi nikimpelekea uji ananiuliza mambo mawili. La kwanza, kama nimeshalipata jina la aliyelima. La pili, Novatus wangu anakuja lini, kwa sababu amemwambia Nkwabi asimuuze yule kondoo mnene. Ananiuliza kwa pumzi moja, na mimi nimechoka kumjibu kana kwamba ni watu wawili.

Msalimie sana Faraja, mwambie sijamkasirikia yeye. Mbusu Joyness na mdogo wake. Nkwabi anakusalimu, ingawa salamu zake amezitoa akiangalia pembeni. Mungu akulinde njiani na akupe ujasiri wa kuingia nyumbani.

Wako akupendaye hata kwa hasira hizi,
Dada yako,
Benedikta