Kijiko cha Kuengulia

Nyumba ya Kona, Ghorofa ya Pili,
Mkabala na duka la vioo.
Ijumaa, tarehe 17.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe na wifi mkiwa wazima, na kwamba vumbi la machimbo halijamrudishia kile kikohozi. Ule mkono wako unaendeleaje na baridi ya huko? Sisi hatujambo. Goti langu linanisumbua kwenye ngazi, lakini gazetini bado wananituma, kwa hiyo bado napanda.

Simu ya kambini kwenu haipatikani, hii wiki ya tatu. Dereva wa lori la mahitaji anaondoka kesho na atarudi Jumanne, ndiyo maana naandika upesi. Amebeba na kifurushi. Usikifungue kabla hujamaliza kusoma.

Ni habari za binti yako. Alhamisi tarehe 23 anasimama mbele ya walimu watano, na wao ndio watakaoamua kama atabaki na nafasi yake kwenye tanuri la chuo au atapewa mtu mwingine. Mpaka leo hana cha kuwaonyesha. Nimeshinda naye maabara siku nne, daftari mkononi, na nakiri kuwa nimewahi kuelewa kesi za mauaji haraka kuliko jambo hili.

Kazi yenyewe ni hii. Anatengeneza unga wa kauri, laini mno: chembe elfu moja ukizipanga mstari hazifikii upana wa unywele. Anautia kwenye alumini iliyoyeyuka, gramu ishirini kwa kilo moja, kisha anasubu fimbo, yaani anaimimina kwenye kalibu ipoe. Chembe zikitawanyika vizuri, fimbo inakuwa ngumu kukatika. Ndivyo vitabu vinavyosema.

Unga wa kwanza aliusaga kwenye pipa dogo lenye vipira vigumu, likizunguka saa arobaini. Mashine ya kuvuta ikaikata fimbo kwa kilo 1,205. Fimbo isiyo na unga wowote ilikatika kwa 1,200. Akasema chembe bado ni kubwa. Akaanza upya: akayeyusha chumvi za alumini kwenye maji, akazipika zikawa nzito kama gundi, akazikausha na kuzichoma. Kilo 1,190. Mara ya tatu akachanganya chumvi hizo na urea, ile ile ya mbolea, akapasha; mchanganyiko ukaumuka, ukashika moto wenyewe na kuacha povu jeupe jepesi. Lilipondwa likawa unga mzuri kuliko wote. Kilo 1,210.

Njia tatu, miezi saba, na fimbo ni zile zile. Nilimuuliza anaelewaje. Akasema, "Shangazi, ningekuwa naelewa ningekuwa nimelala." Daftari langu lina alama za kuuliza nyingi kuliko maneno.

Mimi sijui kemia, ila najua kuuliza kitu kimeingia wapi na kimetokea wapi. Jumatano niliona kwamba kila mara kabla ya kumimina anaengua utando wa kijivu juu ya alumini na kuutupa kwenye kopo. Nikaomba kopo lipimwe. Siku ya alumini tupu, utando ulikuwa gramu 30. Siku ya unga, gramu 51: zile ishirini alizotia zimeishia koponi. Fundi wa tanuri, ambaye wanafunzi humwita Mzee Nyuzi kwa sababu hata ukimuuliza saa atakujibu kwa nyuzi za joto, alisema hesabu hiyo si safi, kwani utando hubeba na alumini kidogo. Kisha akacheka. "Huyu binti anapika mchuzi halafu anaengua nyama."

Nilidhani mambo yamekwisha. Wapi. Jana, binti yako akiwa kwa msimamizi wake, Mzee Nyuzi aliengua kwanza, akatia unga akiwa ameupasha moto, akakoroga alumini ikiwa nzito kama uji, akamimina bila kuengua tena. Fimbo iliyochongwa kutoka chini ya kipande kilichopoa ilihimili kilo 1,480. Iliyochongwa kutoka juu ilivunjika kwa 640, imejaa matundu. Sasa niambie, tumefaulu au tumeshindwa? Mzee Nyuzi anasema ni kukoroga tu, apewe siku tatu. Binti yako aliangalia yale matundu na kusema, "Nyie mmemimina uchafu."

Kaka, hapo ndipo ilipo shida, na si ya kemia. Puli, lile gurudumu la kamba lililopasuka likaondoka na vidole vyako viwili, ilimiminwa bila kuenguliwa. Ulimwambia hivyo akiwa na miaka tisa, ukampa kijiko chako cha kuengulia, cha mpini mrefu, ukamwapisha kwamba hatamimina kamwe bila kuengua. Vijiko vingine viko ukutani pale maabara. Hajawahi kushika hata kimoja.

Sijui nani yuko sahihi. Nina namba hizi tu na kopo moja. Leo asubuhi nilimwambia wazi kwamba nakuandikia na ninayokuandikia. Akakifuta kijiko chake, akakiviringisha kwenye gazeti letu, ukurasa wa michezo, akanipa. "Mwambie Baba, akikirudisha Jumanne nitaengua kama kawaida. Kisiporudi, nitajua ameniondolea kiapo."

Jumatano ndiyo siku yao ya mwisho ya tanuri. Mzee Nyuzi amekwisha andika jina la binti yako kwenye zamu ya asubuhi, na nafasi ya kuandika namna ya kumimina ameiacha wazi.

Nisalimie wifi, na mwanangu yule mdogo anayekataa viatu. Mwambie miguu yake nimeiota. Mama mdogo anakusalimu, na shemeji aliyepaka paka wake rangi kwa bahati mbaya naye anakusalimu, paka hajambo. Mungu aulinde mkono wako, na vidole vilivyobaki vikae salama.

Kijiko ndicho hicho kilichomo kifurushini. Dereva ameambiwa akusubiri nusu saa kabla ya kugeuza lori.

Mdogo wako akupendaye daima,
Dada yako wa gazetini