Pengo la Wimbo wa Pili

Karakana ya bati,
nyuma ya duka la rangi.
Jumapili, tarehe tisa mwezi wa tatu.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye, ndivyo tulivyolelewa. U hali gani wewe na mkeo? Binti yako aliniandikia kwamba goti limekusumbua jukwaani na daktari amekukataza kuruka. Pole sana. Mimi nilikukataza kuruka tangu ujana wako, lakini mimi sikuwa na koti jeupe.

Sisi huku ni wazima, kwa kiasi cha watu wa umri wetu. Sikio langu la kushoto limefunga duka kabisa, la kulia linafungua asubuhi tu. Shemeji yako anasema nasikia ninachokitaka mwenyewe. Ni uongo, maana yeye namsikia kila siku. Dada yetu mkubwa hajambo; fimbo anayo, ila si ya kutembelea, ni ya kuchapia watu.

Mzigo wako ulifika. Santuri mpya ya albamu yetu ya zamani, jalada linang'aa kuliko kipara changu, na juu yake umeandika kwa mkono wako: "Kwa kaka, ili ukumbuke." Nilifurahi, sitaficha. Nilimwonyesha kila aliyekuja karakana, hata mama mmoja aliyeleta sufuria izibwe tundu. Akaitazama picha, akaniuliza kama huyo mwenye nywele nyingi ni mke wangu. Nikamwambia hapana, ni mdogo wangu, wa kiume, na zile nywele zilikuwa na chawa.

Gramafoni sina, ile ya mama ilikufa kabla yake. Basi jana nikaichukua santuri kwapani mpaka kwa kinyozi. Kinyozi huyu hakuwa hata amezaliwa tulipoirekodi albamu ile, wewe ukiimba na gitaa, mimi kwenye dramu, marehemu Mrefu kwenye besi. Lakini wimbo baada ya wimbo anaijua, na ukikaa kwenye kiti chake atakuimbia utake usitake, wembe uko shingoni, utabisha nini?

Na si yeye peke yake. Hujui huku mambo yalivyo, kaka mtu nikueleze. Albamu ile tuliyotukanwa kwayo, ambayo baba alisema ni sauti ya mabati yakigombana, sasa ndiyo kitabu cha vijana wote wanaopiga roki nzito. Kila mtaa una watu wake watatu na spika moja iliyochanika. Wanakunja uso kama wewe, wanasimama miguu mbali kama Mrefu. Na wote, wote bila kubakiza mtu, wanapofika katikati ya wimbo wananyamaza ghafla, kimya, kama umeme umekatika, halafu wanaangusha vyombo vyote kwa pamoja.

Lile ni pengo letu la wimbo wa pili. Hata kwaya ya jirani wamelitia kwenye wimbo wao. Siku hizi mtu anamsifu Mungu huku anasubiri kijiti changu kivunjike.

Maana ndivyo ilivyokuwa, au umesahau? Kijiti kilivunjika mkononi mwangu, kipande kikapita karibu na sikio lako, ukainama, ukavuta pumzi ya woga badala ya neno. Mrefu naye akaacha kupiga, akidhani umekufa. Nikaokota kijiti kingine, nikawatazama, tukaingia wote mara moja kama ukuta unaoanguka. Fundi mitambo alikuwa amesinzia. Alipozinduka akasema hela ya kurudia hamna, liacheni hivyo hivyo. Basi likaachwa.

Yule msichana anayeuza kwenye duka la rangi, ambaye anapiga dramu na wenzake kwenye ghala la shangazi yake, alikuja siku moja karakana kuniuliza kwa heshima zote: "Babu, pale kwenye pengo ulihesabu namna gani?" Nikamwambia, "Mjukuu wangu, sikuhesabu, nilikuwa natafuta kijiti." Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema kitu ambacho sijazoea kuambiwa. Alisema pengo hilo ndilo lililomfanya atake kupiga ngoma.

Sasa jana, huyo msichana alikuwepo kwa kinyozi. Nilimwita mwenyewe, nijidai kidogo. Kinyozi akamwacha mteja wake nusu kichwa, akaweka santuri. Wimbo wa kwanza ukaanza. Nikaona wanatazamana. Mimi sikio langu hili nikadhani ni la mchana, limeshafunga. Wimbo wa pili ukaja, tukasogea wote, hata yule mteja na nusu yake. Tukangoja pengo.

Halikuja. Ngoma zilipita pale moja kwa moja, tik tak tik tak, kama saa ya ofisini.

"Mzee, hii siyo," kinyozi akasema.

"Ndiyo. Soma jalada."

"Jalada ndilo, wimbo siyo. Hizi ngoma kapiga nani?"

Msichana akasoma maandishi madogo nyuma. Akarudia kusoma. Akasema polepole, "Hajapiga mtu, Babu. Ni kompyuta. Wamekunyoosha."

"Hata mimi mteja simnyooshi hivyo," akasema kinyozi. Halafu akainamisha kichwa kuisikiliza sauti. "Na huyu anayeimba ni nani?"

"Ni mdogo wangu."

"Mbona anaimba kama mtu anayeomba maji ya kumezea dawa?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka; ungenitazama usingejua kinachoniuma. Nikalipa kunyolewa ambako sikunyolewa, nikarudi nyumbani.

Mdogo wangu, leo asubuhi nilikusikia pia kwenye redio ukihojiwa. Yule mtangazaji alikuita gwiji, akakuita baba wa roki nzito, nawe ukakohoa kidogo kwa unyenyekevu, kile kikohozi chako nakijua tangu unaiba sukari. Akakuuliza kwa nini umeirudia albamu. Ukasema, "Dramu za zamani zilikuwa na makosa, tulikuwa watoto. Sasa tumezisafisha." Mmezisafisha! Kama choo.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wewe hukulitia maji. Umelimwaga tembo lote, ukauza mtungi.

Na usidhani sielewi kwa nini imebidi uimbe upya na koo hilo la uzeeni. Shule niliiacha njiani, lakini hili halihitaji shule. Siku ile kipaza sauti kimoja cha studio kilikuwa kimeazimwa harusini. Kikabaki kimoja cha gitaa na besi, na kingine tukakining'iniza kwa kamba kati ya mdomo wako na ngoma zangu. Sauti yako na vishindo vyangu viliingia kwenye mlango mmoja, vikalala kitanda kimoja. Hao mafundi wako wa kompyuta wasingeweza kunitoa mimi wakakuacha wewe. Ulipotaka kunifuta mimi, ilibidi ujifute na wewe. Na ulikubali! Ile sauti yako ya ujana, ambayo wasichana walikuwa wanaipandia ukuta, umeitupa ili usisikike pamoja na mimi.

Hapo ndipo niliposhindwa kucheka.

Mimi sikukulaumu ulipoondoka. Mmoja wetu ilibidi aende na mmoja abaki na mama, na aliyekuwa na sura ya kwenda ni wewe. Nikabaki nikigonga bati. Mrefu akafa, nikambeba bila wewe. Mama akafa, ukatuma rambirambi iliyopigwa chapa ofisini, imesainiwa na katibu, na jina langu mmelikosea. Dada alisema, "Mwache, ni mdogo." Una mvi mpaka masikioni, bado ni mdogo! Nikakuacha.

Lakini ngoma sikuachii. Nikueleze kwa nini, kwa sababu labda huko uliko mtu ana vitu vingi na hawezi kujua. Mifereji yangu ya mvua inavuja. Masanduku yangu yanashika kutu. Mimi mwenyewe ninapita mitaani nayaona yametupwa, nageuza uso. Watoto sikujaliwa. Katika yote niliyoyagonga maisha yangu yote, kitu kimoja tu kimekaa, nacho nilikigonga alasiri moja, nikiwa kijana, na kijiti kimevunjika. Hicho ndicho ulichokiita makosa.

Sasa nije kwenye shauri la kanda. Binti yako aliandika kwa adabu, kama kawaida yake, kwamba kampuni yenu inaiomba ile kanda ya siku ile ya studio ambayo ninayo mimi, "kwa hifadhi," na kwamba kuanzia sasa itakayotolewa ni albamu mpya peke yake. Santuri za zamani zilizobaki huku zimekwaruzika, zinaimba kama zinakaanga kitu. Nakala iliyo safi ni hiyo kanda tu. Kwa hiyo nikiitoa, na mkiifungia kabatini, mimi sikupiga. Hilo nimelielewa vizuri, usitume mtu tena kunifafanulia.

Maana mtu mlimtuma. Alikuja Jumatano, hata santuri sijaisikia bado, kijana msafi, mkoba wa ngozi, viatu vyembamba ambavyo sakafu ya karakana yangu iliviharibu mara moja. Akaniamkia vizuri, akasema ameagizwa kuchukua kanda.

Nikamwambia, "Mwenye kanda hayupo."

"Atarudi lini, mzee?"

"Ah, hata sisi tunamsubiri. Miaka mingi sasa."

Akaandika hivyo hivyo kwenye simu yake, maskini, herufi kwa herufi. Akauliza kama anaweza kusubiri. Nikampa kopo la rangi akalie, nikaendelea kugonga mfereji wa mtu, kwa nguvu kuliko ulivyohitaji. Alivumilia, nimsifu. Alipoondoka alikuwa ameziba masikio kwa karatasi na ananishukuru kwa kupaza sauti kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Atakuwa ameshawaletea ripoti. Usimfukuze kazi, hakukosa.

Shemeji yako anasema nimpe tu mtu kanda yake, uzee huu wa kugombania kelele ni aibu. Dada, ambaye hajawahi kuipenda albamu ile hata siku moja, amesema niifiche kwake chini ya nguo zake za ndani, kwamba huko hakuna kampuni itakayothubutu. Nimelifikiria.

Lakini sitaificha, wala sitaichoma kama nilivyotaka jana usiku, wala simpi msichana wa duka la rangi, ingawa hakuna anayeistahili kumpita. Kanda ni yetu sote, na Mrefu hawezi kutoa kauli, kwa hiyo tumebaki wawili. Nitakupa, mdogo wangu. Ila hutaipata kwa barua, wala kwa binti yako, wala kwa kijana wa mkoba.

Njoo wewe. Usije na mpiga picha. Ingia karakana, keti, unitazame, uniambie kwa mdomo wako mwenyewe: "Kaka, nipe kanda nikufute." Ukiweza kuyamaliza maneno hayo bila kutazama chini, nitaitoa bila neno moja, na nitakubebea mzigo mpaka kituoni. Ukishindwa, basi utalala kwetu, na asubuhi tutaongea kama watu.

Nisalimie mkeo, mwambie nguo aliyomletea mke wangu inambana lakini anaivaa kwa ukaidi. Binti yako mbusu. Barua zake ndizo zinazonifanya nivae miwani. Mwambie simkasirikii yeye hata kidogo, mjumbe hauawi. Dada anakusalimu, na fimbo pia inakusalimu. Kinyozi anasema kiti kipo.

Mungu akupe goti jipya na moyo wa zamani. Akulinde njiani ukiamua kuja. Na usipoamua, akulinde hivyo hivyo, mimi sina nguvu ya kukuombea mabaya ingawa jana nilijaribu.

Ni mimi, niliyekasirika hivi kwa sababu nakupenda,

Kaka yako,
Fundi Bati.