Puti Kwenye Midomo ya Kinanda

Nyumba ya pili nyuma ya kanisa,
Jumatano, tarehe 9.

Mpwa wangu mpendwa,

Hujambo wewe, na mumeo, na huyo mchanga anayeota meno? Sisi huku tu wazima, ila mke wangu bado anagombana na goti lake.

Uliniuliza habari za kinanda chetu cha kanisani. Afadhali usingeuliza, maana nimefura.

Unajua kinavyofanya kazi. Mvukuto husukuma upepo, upepo hupanda kwenye mabomba, na kila bomba lina mwanya mwembamba tunaouita mdomo. Hapo ndipo sauti hutokea. Mvukuto umezeeka; nimeutia viraka kwa ngozi ya viatu vyangu vya harusi. Miaka sita nimewaomba wazee wa kanisa wazibe paa linalouvujia. Miaka sita! Wao wakachagua kupaka rangi.

Nikiwa kitandani na homa, fundi rangi akaambiwa akipendezeshe na kinanda. Akaziba kila mdomo kwa puti, ule uji mzito wa kuzibia nyufa za ukuta, kisha akapaka rangi ya dhahabu juu. Mabomba tisini na sita, yote kimya!

Nikamwuliza, "Fundi, umeona wapi nyufa zikapanga mstari kama wanajeshi?"

"Mzee wangu, hata mimi nilishangaa. Nikasema, kitu hiki kimepasuka kwa adabu."

Nilicheka, halafu nikakasirika upya. Yeye simlaumu, hakuna aliyemweleza. Namlaumu mwenyekiti wa wazee, aliyebonyeza vibao mara mbili, asisikie kitu, akatangaza kwamba kinanda kimekufa. Jumapili hii, baada ya ibada, watapiga kura king'olewe na mabomba yauzwe kama vyuma chakavu. Kimekufa! Ukimziba mtu mdomo, utamwita bubu?

Tangu juzi nakwangua puti kwa kijiti cha mwanzi, kwa sababu madini ya bomba ni laini na kisu kingeyachubua. Fundi rangi ananisaidia, kwa aibu yake mwenyewe. Tumefungua arobaini na moja. Hatutamaliza kabla ya Jumapili.

Basi Jumapili, kabla hawajanyoosha mikono, nitapiga wimbo wa kufunga ibada kama ulivyoandikwa, bila kukwepa bomba hata moja. Penye pengo, waumini wasikie pengo, na mwenyekiti asimame aeleze limetoka wapi.

Msalimie mkwe wangu, na mdogo wako fundi cherehani. Mungu awatunze nyote, nawe uniombee nisitukane mbele ya madhabahu.

Wako akupendaye, hata akiwa na hasira,
Mjomba wako, mpiga kinanda.