Kizuizi ya site ya Laurette

Christine, uko wapi?? Ulikosa misa ya leo, nakufa na kucheka!!

Unajua Laurette anauzisha robe za ndoa, nguo za babibi-arusi, ku site yake ya internet. Tangu vita iingie mu muji, hakuna mutu anaifungua. Njo akawaza: benye kutafuta robe ni bale bachumba benye majina yabo inatangazwa ku kanisa mara tatu mbele ya ndoa. Akaomba papa Bisimwa, mwenye kusomaka matangazo ku misa, atangaze na site hapo hapo.

Papa Bisimwa akasoma bachumba, akasoma site, kisha mazoea ikamubeba: "Mwenye anajua kizuizi, aseme."

Kizuizi ya SITE, Christine!!

Maman Cibalonza akasimama na hasira yote: "Mimi najua! Robe mutoto wangu aliagiza pale imekwama ku kiwanja ya ndege ya Kavumu tangu avion ziache kutua!"

Laurette akatamani udongo imumeze. "Maman, iko ingine ku nyumba. Kuja uichukue leo."

Makofi!! Telefone zikatoka, bachumba bakafungua site palepale, mupaka ikagoma.

Padri akashika micro: "Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Inabakia mara mbili."